Kumfundisha Farasi Kutembea

Farasi wa mashindano hustaafu akiwa na miaka 4 au 5. Wachache hufika 7 au 8 wakiwa bado uwanjani. Akitunzwa vizuri huishi mpaka miaka 25, na wapo wanaovuka 30. Kwa hiyo kazi aliyotafutiwa baba na mama kwa ajili yake, akalishwa na kufundishwa kwa ajili yake, humalizika maisha yenyewe yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Miaka 20 inayobaki ataiishi vipi, na nani atamfundisha kuiishi? Hapa Afrika Mashariki wanaofanya kazi hiyo ni masaisi, watunza farasi wanaoamka saa kumi alfajiri, na majina yao ni nadra kuyakuta yameandikwa mahali popote.

Nimezaliwa Miembeni, Bukoba, na kwetu farasi ni mnyama wa vitabuni. Ng'ombe wenye pembe ndefu tuliwaona tangu utotoni, mbuzi walipita barabarani, hata punda alikuwa nadra. Farasi tulimsoma kwenye Ufunuo wa Yohana. Wazee wetu wasingemkataa kama angefika. Nchi yenyewe ndiyo iliyomkataa. Ukitoka Bukoba ukapita Muleba kuelekea Biharamulo na mapori ya Burigi, unaingia katika makao ya mbung'o, na mbung'o hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaomkausha farasi damu na nyama mpaka ashindwe kusimama. Akinusurika na mbung'o anakutana na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, ambao humwambukiza ule unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Kiafrika: mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na mara nyingi hafikishi wiki. Pundamilia huishi na virusi vya ugonjwa huo mwilini bila kuumwa. Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alipofika kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe mwaka 1861, alifika kwa miguu. Mpelelezi mwingine, Stanley, aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, na wote wawili walimfia kabla safari haijakolea.

Ilinibidi basi nitoke kwetu ndipo nimguse farasi kwa mkono. Kazi ilinipeleka Nairobi nikiwa mtu mzima, mama wa watoto, na nikaanza kujifunza kupanda katika umri ambao wenzangu wengi wanaacha hata kuendesha baiskeli. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake hupunguza wadudu, chanjo hufanya sehemu iliyobaki, na farasi huweza kuishi miaka yake yote. Mbio za farasi zilianza huko tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni, na uwanja wa sasa, ule wa Barabara ya Ngong, ulifunguliwa mwaka 1954. Jumapili ya mbio watu hutandika mikeka kwenye majani, watoto hujazana kwenye uzio, na Kenya Derby inapofika mji mzima wa watu wa farasi huwa pale. Farasi hupita mbele ya jukwaa kwa sekunde chache tu. Ardhi hutetemeka, ndipo unasikia kishindo, kisha wameshapita.

Ninapenda kishindo hicho kama mtu mwingine yeyote. Ila siku hizi, mbio zikiisha, macho yangu huenda kwa mtu anayempokea farasi. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, anashuka, anavua tandiko, anakwenda kupimwa uzito. Mwenye farasi anapigwa picha. Saisi ndiye anayebaki ameshika hatamu, akimtembeza mnyama aliyelowa jasho, taratibu, duara baada ya duara, mpaka pumzi itulie. Humwoni akiangalia jukwaani. Anaangalia mbavu za farasi zinavyopanda na kushuka.

Farasi hawa ni wa uzao mmoja, unaoitwa Thoroughbred, ulioanzishwa Uingereza kati ya karne ya 17 na ya 18. Kwa upande wa baba wote huishia kwa madume watatu walioletwa kutoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, na kufikishwa Uingereza mwaka 1704, na leo karibu madume wote wa uzao huu ni wajukuu zake. Kwa karne tatu watu wamechagua jambo moja tu kwa kila kizazi: nani alitangulia kufika. Matokeo yake ni mnyama wa kilo 450 hadi 500 anayeweza kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mwenye ngozi nyembamba, kwato nyembamba, na moyo wa ajabu. Hakuna aliyechagua utulivu. Hakuna aliyemzalisha ili asimame kimya mtoto anapopanda mgongoni.

Biashara nzima inajengwa juu ya miaka michache ile ya kasi: wazalishaji, minada, walimu, joki, madaktari wa mifugo, wauza nyasi, kamari, zawadi. Farasi akichelewa sekunde mbili, hesabu inageuka. Anakula kile kile alichokula akiwa mshindi, ila haleti kitu. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, swali la wapi aende halikuulizwa kwa sauti. Uingereza ilianzisha chombo cha kuwafundisha upya farasi waliostaafu, Retraining of Racehorses, mwaka 2000. Marekani machinjio ya mwisho ya farasi yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi waliendelea kupakiwa kwenye malori kwenda Mexico na Canada. Mwaka 2010 likaanzishwa shirika la Retired Racehorse Project, ambalo huwashindanisha farasi hawa katika kazi zao mpya ili wanunuzi waone wanachoweza. Na pale mchezo unapokufa wenyewe, tatizo huja kwa mkupuo: Singapore, yenye klabu ya mbio tangu 1842, ilikimbiza mbio zake za mwisho tarehe 5 Oktoba 2024, na kila farasi aliyekuwa pale akahitaji mahali pa kwenda.

Kenya haikusubiri shirika. Farasi ni wachache na ni ghali kuwaleta kutoka nje, kwa hiyo anayetoka Ngong hupata mmiliki mpya haraka. Wengine huenda kwenye polo, Jamhuri au Gilgil. Wengine huenda shule za kupanda farasi za Karen na Lang'ata, wengine kwenye safari za kutembeza wageni porini. Kwetu Tanzania mbio hatuna, lakini Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na kaskazini, kuzunguka Arusha na Kilimanjaro, wapo wanaofuga kwa ajili ya kupanda. Popote aendapo, kabla hajawa na manufaa kwa mtu wa kawaida kama mimi, lazima apite mikononi mwa saisi.

Mzee ninayemfuata mimi nisingependa kumtaja kwa jina, hajaniomba kuandikwa. Ni mtu wa Bonde la Ufa, amefanya kazi na farasi tangu akiwa kijana wa kubeba maji, na kila mtu pale bandani humwita Mwalimu. Mimi huniita "mama Tanzania." Siku farasi mmoja mwekundu wa kahawia, aliyehasiwa, alipoteremshwa kwenye lori kutoka uwanjani, niliuliza anajua nini. Mwalimu alimtazama akizunguka kwenye kamba, kichwa juu, mkia juu, macho meupe pembeni, akasema: "Huyu, mama, anajua kukimbia na anajua kusimama ndani ya nyumba. Kati hapo hakuna kitu."

Sentensi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Farasi wa mashindano hukaa chumbani sehemu kubwa ya siku, peke yake, hutolewa kufanya mazoezi, hurudishwa. Chakula chake ni nafaka nyingi na nyasi kidogo, maana nafaka huleta nguvu haraka. Lakini tumbo la farasi liliumbwa kwa ajili ya kutafuna nyasi saa nyingi mfululizo; asidi yake hutoka muda wote, awe anakula au hali. Ndiyo maana vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno kwa farasi wa mbio. Na farasi hawezi kutapika: kilichoingia vibaya hakirudi, kinamletea msokoto wa tumbo unaoweza kumwua. Kwa hiyo somo la kwanza la Mwalimu huwa la chakula. Nafaka hupunguzwa kidogo kidogo, siku hadi siku, na nyasi kavu huwekwa tele, zisikatike. Huwezi kuharakisha. Vijidudu vinavyomeng'enya chakula ndani ya utumbo vinahitaji muda wa kubadilika, na ukivilazimisha farasi ndiye anayelipa.

Somo la pili ni jirani. Mgeni hawekwi na kundi. Anawekwa na farasi mmoja mzee, mpole, asiyetishika, kila mmoja upande wake wa uzio kwanza, baadaye pamoja. Siku za mwanzo yule mwekundu alikimbia huku na huku kando ya uzio mpaka akachimba njia. Jike mzee jirani yake alikula tu. Hakuinua kichwa. Ilichukua muda, lakini siku moja na yeye alishusha shingo akaanza kung'oa majani pembeni yake, na Mwalimu, aliyekuwa akizoa samadi, alisimama akaegemea beleshi akamtazama kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyempanda kipindi chote hicho. Wenye pesa husumbuka hapa. Wamenunua farasi, wanataka kupanda. Mwalimu hawajibu kwa ukali, anasema tu "bado, bwana, bado," na kwa sababu anasema hivyo kwa heshima na kwa miaka mingi amekuwa sahihi, wanarudi mjini.

Kila alfajiri kuna jambo analolifanya ambalo mwanzoni sikulielewa. Anachuchumaa kando ya mguu wa mbele, anaweka kiganja chini kidogo ya goti, kwa nyuma, anakishusha polepole mpaka kwenye kifundo. Kisha mguu wa pili. Kisha anarudia wa kwanza. Anatafuta joto. Pale nyuma ya mguu hupita kano zinazobeba uzito wote wa farasi anapokanyaga kwa kasi, na ndizo zinazochanika. Kano ikichanika huchukua miezi 9 mpaka 12 kupona, na haiwi tena kama ilivyokuwa. Kabla ya uvimbe, kabla ya kuchechemea, huja joto dogo sana. Aliniambia niweke kiganja changu. Niliona miguu miwili iliyo sawa. Akanishika mkono akausogeza nusu kidole chini: "Hapa. Subiri." Nikasubiri, na kweli, palikuwa na uvuguvugu ambao mguu wa pili haukuwa nao. Siku hiyo farasi hakutoka. Alimwagiliwa maji ya baridi mguuni, akafungwa bandeji, na baada ya siku chache joto likaondoka. Daktari angelijua hilo kwa mashine ya kupiga picha za ndani. Mwalimu alilijua kwa sababu amegusa miguu ile ile kila alfajiri, na anakumbuka jana ilikuwaje.

Baada ya hapo ndipo fundi wa kwato huitwa, na siku hiyo huwa ninaomba ruhusa kazini.

Farasi wa mbio hukimbia na viatu vya aluminiamu, vyembamba na vyepesi. Akistaafu huvuliwa. Fundi huvaa aproni ya ngozi iliyopasuliwa katikati, anamgeuzia farasi mgongo, anaushika mguu wa mbele na kuupitisha katikati ya magoti yake, akainama hivyo, mzigo mzito wa mnyama anayeweza kumrusha ukiwa umeegemea mapajani mwake. Kwa koleo anang'oa kiatu cha zamani. Kwa kisu kilichopinda ncha anasafisha unyayo. Kwa tupa anasawazisha ukingo, anauachia mguu, anarudi nyuma hatua tatu, anamtazama farasi akiwa amesimama, anarudi tena. Kwato hukua milimita 6 mpaka 10 kwa mwezi, kwa hiyo kila baada ya wiki nne hadi sita kazi hii hurudiwa, na makosa ya leo hubaki yakionekana kwa karibu mwaka mzima, mpaka yakue yote na kukatwa. Thoroughbred huwa na ukuta wa kwato mwembamba na visigino vilivyolala. Fundi hawezi kuvisimamisha kwa siku moja. Anaviongoza, mara hii kidogo, mara ijayo kidogo, na anakumbuka farasi gani alimwacha wapi.

Kiatu kipya hupashwa moto mpaka kiive, hugongwa juu ya fuawe, hujaribiwa kwenye kwato kikiwa bado na moto. Moshi wa njano hufuka, harufu ya nywele zilizoungua hujaa bandani, na farasi hajali, maana ukuta wa nje wa kwato hauna neva wala damu. Hatari iko kwenye misumari. Ndani ya ukuta ule kuna mstari mweupe, na ndani ya mstari ule kuna nyama hai. Nafasi ya msumari ni milimita chache. Msumari wenyewe umechongwa ncha upande mmoja ili unapoingia ujipinde kuelekea nje, na fundi huhakikisha kwa kidole upande huo umekaa sawa kabla ya kupiga. Kisha anasikiliza. Mapigo ya kwanza huwa na sauti nzito. Msumari unapopanda kwenye sehemu ngumu sauti huwa kali zaidi, na kila pigo hupanda kidogo. Sauti ikibaki laini, anasimama, anautoa, anaanza upya, kwa sababu msumari huo unaelekea mahali pasipo pake. Ncha ikichomoza nje ya ukuta huikata papo hapo kwa kuizungusha na makucha ya nyundo, hata kabla ya kuvuta pumzi nyingine: farasi akistuka akauvuta mguu na ncha ikiwa wazi, itapasua paja la fundi. Nimemtazama akifanya hivyo misumari yote ya miguu minne. Hakuna hata mmoja aliouacha usubiri.

Mtu wa Bukoba hawezi kuangalia fuawe na nyundo bila kukumbuka kwao. Sisi ni watoto wa nchi ya wahunzi. Karibu na Kemondo na Maruku wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya tanuri za chuma yenye umri unaokaribia miaka 2,000, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya namna wazee wa Kihaya walivyowajengea tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya macho yao, kwa mvukuto na mirija ya udongo iliyopasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wazee wale walikuwa hawajafanya kazi hiyo kwa miongo mingi, majembe ya dukani yalikuwa yameshawaua sokoni, lakini mikono na midomo yao ilihifadhi utaratibu wote. Rumanika alikuwa na ng'ombe wa chuma katika hazina yake ya kifalme. Chuma tulikijua, kwato za kuvisha hatukuwa nazo. Ninapomwona kijana wa Kikenya akisikiliza msumari namna ile, ninafikiri wahunzi wa kwetu wangemwelewa kabla hata hajasema neno.

Kupanda kwenyewe huja mwisho, na ndiko nilikojifunza jinsi farasi wa mbio anavyofikiri. Joki hupandishwa kwa kunyanyuliwa mguu, farasi akiwa anatembea. Hukaa juu kabisa, vikuku vifupi, makalio hayagusi tandiko. Hushika hatamu zikiwa zimekazwa, farasi huegemea lijamu, na kadiri joki anavyokaza ndivyo farasi anavyopata mhimili wa kukimbilia. Sasa mpandishe mtu wa kawaida. Anakaa na uzito wake wote, miguu yake mirefu inagusa mbavu, jambo ambalo farasi yule hajawahi kulihisi, na akiogopa anavuta hatamu. Farasi anaelewa ameambiwa: kimbia. Anayevuta zaidi anakimbizwa zaidi. Wengi huanguka hapo na kusema farasi ni mkaidi, kumbe mnyama ametii kila alichoambiwa katika lugha pekee aliyofundishwa.

Mwalimu huanza na kusimama. Anamleta kando ya jukwaa dogo la mbao la kupandia, anamsimamisha, anampapasa, anamwondoa. Kesho tena. Hakuna anayepanda. Kisha mtu anaegemea tandiko kwa tumbo, anashuka. Kisha anakaa, farasi anasimama, anashuka. Ukimwuliza ni mpaka lini, anakujibu mpaka masikio yaache kuuliza. Na ni kweli, masikio huuliza: moja mbele, moja nyuma, yakizunguka bila kutulia. Siku yanapolegea na kuangukia pembeni, farasi akalamba midomo, akatafuna hewa, akashusha kichwa na kupuliza pua, Mwalimu humwondolea tandiko na kumrudisha malishoni hapo hapo. Mimi ningeendelea, maana ndiyo kwanza anaanza kuelewa. Yeye huacha, na kesho yake farasi huja akiwa tayari.

Halafu kutembea. Watu wa punda na farasi wa pwani tangu zamani wana majina ya mwendo: telki, ule wa haraka haraka usiorusha, matiti, wa kudundadunda miguu miwili miwili, shoti, wa mbio kamili. Farasi anayetoka Ngong ana shoti tele na matiti ya wasiwasi. Mwendo wa kawaida, hatua ndefu, shingo imelegea, mgongo ukiyumba, hana. Hajawahi kuhitajiwa aende polepole akiwa na mtu juu. Tulitembea barabara za vumbi za Karen, Mwalimu mbele juu ya yule jike mzee, mimi nyuma. Kila mwekundu alipoharakisha, nilitakiwa nifanye kinyume cha kile mwili wangu ulichotaka: nilegeze vidole, nitoe pumzi yote, nikae mzito, nimgeuze kwa upole kwenye duara. Akipunguza, nimpe hatamu yote. "Mwachie," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Ukimshika atajua kuna kitu cha kukimbia." Alijua bila kuona. Alikuwa anasikia kwato.

Farasi aliyezunguka kwa miaka akielemea upande mmoja ana misuli ya upande huo. Mwelekeze upande wa pili, anajipinda kama ubao. Kwa hilo hakuna dawa zaidi ya duara kubwa, zikipungua taratibu, na kilima. Kilima kinafanya kazi ambayo mpandaji hawezi: kumfanya anyanyue mgongo na kusukuma kwa miguu ya nyuma bila kukimbia. Na pikipiki zikipita zikipiga honi, lori likishusha mchanga, mbwa akitoka getini, Mwalimu hasogezi farasi mbali na kitu. Anasimama naye kwa umbali ambao bado anaweza kupumua, anangoja. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji lake na kipande nyuma ya mkia. Kwa hiyo ukimwambia "usiangalie," umemwomba lisilowezekana. Unampa muda aangalie mpaka achoke.

Ninapowaza historia ya kazi hii huwa ninamfikiria arap Ruta. Wanaosoma wanamjua Beryl Markham: alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akakulia Njoro kwenye shamba la farasi la baba yake, akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado kijana sana, mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza mpaka Nova Scotia, akarudi Kenya akawa tena mmoja wa walimu wakubwa wa farasi nchini, akafariki Nairobi mwaka 1986. Katika kitabu chake cha 1942 yumo rafiki yake wa utotoni, Kibii, mtoto wa arap Maina, mwindaji aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kibii alipokua akaitwa arap Ruta, akaja kufanya naye kazi kwenye mabanda ya farasi, baadaye kwenye ndege. Tunamjua kwa kuwa rafiki yake alikuwa na kalamu. Walikuwapo mamia wengine, Wanandi, Wakipsigis, Wakikuyu, Waluhya, walioshika miguu ile alfajiri, wakajua farasi gani ana joto, wakamwambia mwalimu wa Kizungu, na ushindi ukaandikwa kwa jina la mwalimu. Kijitabu cha mbio huonyesha baba wa farasi, mama yake, mwenye mali, mwalimu, joki, hata rangi za shati. Nafasi ya jina la saisi ingechukua mstari mmoja. Ninaona ni haki yao, na ningependa ianze Ngong, kwa sababu pale ndipo masaisi wengi wa Afrika Mashariki walipofundishana.

Kwa kuwa kinachofanywa bandani hakiandikwi, kinahama kwa mkono kwenda mkono. Mwalimu ana vijana wawili. Mmoja alisomea hesabu za biashara, hakupata kazi, akaja kuzoa samadi kwa muda, akabaki. Huyu ana daftari. Anaandika kila farasi aliyeingia, kwato zake, chakula, siku ya kwanza ya kusimama kando ya jukwaa la kupandia bila kusogea. Mwalimu mwanzoni aliliangalia daftari kwa mashaka. Sasa ndiye anayemwambia aandike nini. Wiki iliyopita aliagiza ibandikwe karatasi mlangoni kwa farasi mpya, jike wa miaka 4 aliyekimbia msimu mmoja tu na kushindwa kila mara. Kijana aliandika kwa herufi kubwa: NYASI BILA KIPIMO. ASIPANDWE. Chini yake Mwalimu akaongeza kwa mkono wake, herufi za mtu aliyeacha shule mapema, kwamba anapenda kukunwa shingoni upande wa kushoto.